Waliomuua Msanii, kwa Mujibu wa Saluni Yangu

Kwenye saluni yangu hapa Ifakara kuna sheria moja tu. Unaruhusiwa kuongea siasa, kuongea mpira, hata kumsema mkeo kama una hakika hapiti barabarani. Lakini ukimtaja mtu kwamba ndiye aliyemuua msanii, unakaa kwenye kiti na kunyolewa upara papo hapo, bure, mbele ya wote. Wageni hucheka wakidhani ni utani. Nimeshawatoa kadhaa na vichwa vinavyong'aa, na mmoja wao alikuwa anaoa wiki hiyo hiyo.

Msanii mwenyewe si wa hapa. Ni rapa maarufu wa Marekani aliyepigwa risasi akishuka garini mbele ya hoteli, zamani, na mpaka leo hakuna aliyehukumiwa. Nyimbo zake nazijua kwa mdundo tu, maneno siyaelewi. Wateja wangu wengi nao hawayaelewi, lakini kifo chake wanadai kukielewa kuliko polisi wa kwao. Kwa miaka mingi kesi hii imesikilizwa kwenye benchi langu karibu kila siku, na haijawahi kukosa ushahidi mpya.

Ushahidi uliletwa na dereva mmoja wa bodaboda, ambaye kijiwe chao kiko mbele ya mlango wangu. Kijana huyu yuko radhi alale na njaa kuliko kukosa bando. Alikuwa na video za watu wanaochora mishale myekundu juu ya picha za zamani na kuongea kwa sauti ya kutisha. Kwake yeye muuaji alikuwa msanii mwenzake. "Bifu hilo, jamani. Sikiliza mstari huu, hapa anamtangazia kifo kabisa!" Anarudisha nyuma, tunasikiliza, hatuelewi kitu, tunatikisa vichwa.

Mvuvi mmoja wa upande wa Lupiro, anayenyolewa kwangu akishamaliza kuuza samaki, hakukubali. "Ni mtu wa ndani," alisema kila mara. "Mimi nikitega mgono wangu mtoni, nautega pale ninapojua samaki anapita. Hao wauaji nani aliwaambia atashukia hoteli ile?" Mama anayekaanga chapati kibarazani kwangu alikuwa na lake, kwamba yule bwana hajafa kabisa. Kachoka na kelele tu, kajificha kijijini anafuga kuku. Alilisema hilo huku akigeuza chapati na hakuona haja ya kulitetea.

Aliyewatawala wote alikuwa mstaafu wa mashamba ya miwa. Ni mzaliwa wa Mbeya, kazi ndiyo iliyomleta kwenye bonde hili, na alipostaafu akabaki kulima mpunga. Ukimpa kesi yoyote, hata ya kuku aliyepotea, muuaji ni mwajiri. "Msanii aliuawa na bosi wake. Mtu aliyekufa hadai nyongeza." Alikuwa na maswali yake matatu, na aliyauliza akihesabu kwa vidole virefu vilivyopindwa na panga la kukatia miwa: "Tuulize kitaalamu. Nani alimwona mwisho? Nani aligombana naye? Nani alifaidika?" Benchi zima lilijibu kwa pamoja kama darasa la kwanza.

Mimi sikuwa na upande. Kinyozi anakubaliana na kichwa alichokishika. Lakini niliyapenda sana mabishano yale, nisiwafiche. Msukuma mwenye ng'ombe na mkulima aliyeliwa mpunga na ng'ombe walikaa benchi moja wakatetea hoja moja kuhusu mtu wa Marekani, na waliposimama walipeana mikono. Nilidhani ni mchezo usio na madhara, kama bao.

Kisha akafa msanii wetu wenyewe.

Alikuwa kijana wa Lumemo, pembeni ya mji, dereva wa kijiwe hicho hicho, na alirap kwenye harusi na vipaimara. Alichanganya Kiswahili na Kindamba, na alipoanza kumtaja bibi harusi pamoja na ukoo wake wote, hakuna aliyebaki amekaa. Nilimnyoa mimi. Hakunyamaza hata nikiwa na wembe nyuma ya sikio lake, na mara ngapi nimemwambia, "Mdogo wangu, nitakukata, halafu watasema nimetumwa na Marekani."

Siku moja ya mvua aliteleza na pikipiki kwenye tope, mbele ya nyumba ya shangazi yangu. Huyu ni dada wa marehemu baba yangu, mjane, anayeishi na mjukuu wake huko Lumemo na kufuga bata wasio na adabu. Shangazi alitoka, akamwinua, akamkalisha kwenye kigoda, akamkanda kichwa kwa kitambaa cha maji ya moto. Hapakuwa na damu. Alimwambia aende hospitali. Kijana akacheka, akawasha pikipiki, akaenda kwa mama yake, nyumba chache kutoka hapo. Kesho yake kichwa kilimuuma. Mchana akasema anajilaza kidogo, na hakuamka tena.

Nililia kwenye msiba ule kama nimefiwa na mdogo wangu wa tumbo moja. Baada ya kuanua matanga, benchi likarudi, na mimi nikaenda sokoni kununua nyembe. Yaliyosemwa nisipokuwepo nilisimuliwa na mama wa chapati, naye haongezi chumvi. Mstaafu alikuwa amekaa anatikisa kichwa, hawezi kuamini. "Kijana mzima, pikipiki haina hata mkwaruzo. Hapana. Tuulize kitaalamu. Nani alimwona mwisho?"

Benchi likajibu kwa mazoea. Alimwona mwisho yule mama aliyemkanda. Nani aligombana na watu wa kwao? Mama yule yule, maana bata wake waliingia kwenye kitalu cha mpunga cha mama wa marehemu, na tangu hapo wanawake hawa wawili walikuwa hawasalimiani. Nani alifaidika? Yule dereva mwenye video akasema kwamba mjukuu wa yule mama naye ameanza kuimba. Mwingine akaongeza: alimshika wapi? Kichwani. Kilichomuua ni nini? Kichwa. Kesi ya Marekani imewashinda miaka yote hiyo. Hii waliimaliza kabla chapati hazijaisha.

Maneno yalifika Lumemo kabla yangu. Shangazi akawa anapita njiani watoto wanahamia upande wa pili. Wanawake wa jumuiya walisali nyumbani kwake kwa haraka na hawakunywa chai. Asubuhi moja alikuta bata wawili wameuawa kwa mawe. Na mpunga wake ulikuwa umeiva. Mtu asiyelima bondeni hawezi kujua uzito wa jambo hili. Mpunga ukishainama haumsubiri mtu: ndege wa kwelea wanashuka kwa makundi, punje zinapukutika, na mjane hawezi kuvuna shamba lake peke yake. Kila mwaka majirani walikuja na miundu yao, na yeye akaenda kwao. Mwaka huu alipita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ilikuwa na mgonjwa.

Mwenyekiti wa mtaa alimshauri ahame kwa muda, aende kwa binti yake Mlimba mpaka hali ipoe. Alikuwa na nia njema. Lakini sote tulijua kwamba mwanamke akihama na maneno ya namna hiyo mgongoni harudi. Nyumba inabomoka, shamba linachukuliwa, na watu wanasema, mnaona, alikimbia. Nilimwomba angalau aje kwangu mjini. Akanitazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona.

"Wewe baba," aliniambia, maana mimi nimepewa jina la babu, kwa hiyo kwake ni baba, "mimi nilikubeba mgongoni ukiwa na surua. Usinifundishe kukimbia."

Nilirudi nikiwa na hofu, na hofu yenyewe iligeuka ghadhabu. Niliwafokea wateja. Nilimkata mtu mmoja sikio, akaniuliza kama nina matatizo nyumbani.

Ukoo ukakaa. Baba mdogo, ambaye hupenda mambo yaishe kimya kimya, alitoa pendekezo ambalo kila mtu alilitegemea, kwamba shangazi apelekwe ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga, akanyolewe. Huko wako waganga ambao kazi yao ni hiyo. Wanakunyoa nywele kwa dawa, na kama ulikuwa na uchawi unaisha, na kama hukuwa nao hupungukiwi kitu. Ukirudi na kichwa cheupe maneno yamekwisha, na atakayeyarudia ndiye mwenye kosa. Nimewaona watu wazito, wa kanisani na wa msikitini, wakirudi kutoka huko na kofia mpya.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na mshitaki wangu ni nani?"

Hapo ndipo wazee walipoanza kutazama miguu yao. Desturi ya kunyolewa ina sharti ambalo wenyeji wote wanalijua. Hupelekwi peke yako. Aliyekutaja naye anakaa kwenye mkeka, naye ananyolewa, kwa sababu hakuna anayejua ubaya uko kwa nani kati yenu.

"Watu ndio wanasema, dada," baba mdogo alijibu.

"Watu ndio nani? Basi waje hao watu, nikanyolewe nao."

Jumamosi iliyofuata, saa ambayo saluni imejaa, shangazi aliingia. Alikuwa amevaa sare yake ya kikundi cha akina mama wa kanisa, amebeba mkoba wa safari. Hakuwahi kukanyaga saluni yangu hata siku moja. Dereva wa bodaboda alikuwa ameshikilia simu juu ili wote waone, na sauti ya kutisha ilikuwa inaeleza jinsi msanii wa Marekani alivyosalitiwa. Alipomwona alisimama haraka kumpisha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo mmenikumbuka." Akakaa kwenye benchi, akauweka mkoba magotini. "Mnasikiliza nini?"

"Kesi ya msanii, bibi. Wa Marekani."

"Na huyo anayetajwa humo kwamba kaua, anajua kama anatajwa?"

Dereva alizima simu. Nilikuwa nimemshika mteja kisogo, nikaizima mashine, na chapati zikasikika zikikaangwa nje.

"Nimekuja kumchukua mshitaki wangu," shangazi alisema. Sauti yake haikuwa kali, na hilo ndilo lililonitisha. "Nasikia anakaa hapa. Nimeshafunga nyumba. Twende wote ng'ambo tukanyolewe, mimi na yeye, kama inavyotakiwa. Ni nani kati yenu?"

Mmoja alianza kutafuta helmeti yake, ambayo alikuwa ameivaa. Mvuvi alisoma tangazo la bei za kunyoa kama ameliona leo. Watu waliomhukumu bosi wa Marekani, wasanii wenzake na polisi wa mji mzima, wote walikuwa wamepoteza ndimi. Moyoni nilisema, haya, semeni sasa. Lakini pia nilimwonea huruma shangazi, maana alikuwa ameshafunga nyumba na mkoba uko magotini. Kama hakuna ambaye angejitokeza, angerudi nyumbani na maneno yale yale, yasiyo na mwenyewe, na yasiyo na mwenyewe hayafutiki.

Mstaafu alikuwa amekaa pembeni amekunja uso kama mtu asiyefuata mazungumzo. Alimwinamia mvuvi akamuuliza jambo, na mvuvi akamjibu kwa kunong'ona. Nikamsikia mstaafu akisema kwa sauti, kwa mshangao wa kweli, "Kwani aliyeuliza naye ananyolewa?"

"Naye," mvuvi alijibu.

Miaka yote aliyoishi bondeni hakulijua hilo. Kwao hakuna kitu hicho, na kambini kwenye miwa kila mtu alikuja na desturi zake na kuzifungia chumbani. Alikuwa ameuliza maswali yake kuhusu jirani yetu kama alivyoyauliza kuhusu mtu wa ng'ambo ya bahari, akidhani maneno yanaishia kwenye benchi.

Niseme jambo moja kuhusu nywele za mstaafu. Ni nyingi, na alizipaka piko nyeusi, kazi ambayo niliifanya mimi kwa siri tukiwa tumefunga pazia, na mji mzima ulijua. Alizichana kwa njia iliyonyooka kama reli. Alivua kofia yake, akaishika mbele ya kifua.

"Mama, mimi ndiye niliyeuliza," alisema. "Jina lako sikulitaja, lakini niliuliza mpaka likatajwa. Ni mimi. Kama ni kwenda ng'ambo, twende. Kama hapa panatosha, kinyozi ni huyu."

Shangazi alimtazama kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa mtu kukubali.

"Hapa panatosha," alisema. "Mungu anaona hata Ifakara."

Nilimnyoa mstaafu mpaka ngozi. Piko na mvi vikaanguka pamoja sakafuni, na hakuna aliyethubutu kucheka. Alipoinuka nilidhani yamekwisha, lakini shangazi alikuwa ameshafungua kilemba chake na kukaa kwenye kiti.

"Shangazi, wewe huna haja."

"Tunanyolewa wote wawili. Weka wembe mpya."

Sijawahi kunyoa kwa shida namna ile. Kichwa kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani, na mishipa ya shingo yake ilikuwa inapiga haraka. Nje watu walikuwa wamejaa, mama wa chapati ameacha moto wake, na nilikuwa nalia bila kujificha, machozi yanadondoka kwenye shuka la kunyolea. Yeye alikaa wima akijitazama kwenye kioo. Nilipomaliza alipitisha kiganja juu ya kichwa, akasema, "Baridi," akajifunga kilemba, akaondoka.

Sheria ya saluni niliitangaza siku hiyo hiyo, na dereva wa bodaboda ndiye alikuwa wa kwanza kuivunja, kwa mazoea, kabla jua halijazama.

Ningependa kusema kwamba kila kitu kilinyooka. Wapo wazee waliosema kunyolewa kule si kunyolewa, kwamba wembe wa saluni hauna dawa. Lakini kesho yake, baada ya ibada, wawili watatu walimwamkia. Jumatatu nilifunga saluni nikaenda naye shambani. Mstaafu alikuwa ameshafika, amekaa ukingoni na mundu, kofia imemzama mpaka kwenye nyusi kwa kukosa nywele za kuizuia. Tulianza kuvuna watu watatu kwenye shamba la watu kumi. Kwelea walikuwa wanashuka upande mmoja, tunakimbia kuwafukuza, wanahamia upande mwingine. Nilipiga hesabu kichwani nikaona hatutaokoa hata nusu.

Jua lilikuwa limepanda nilipomwona mama wa marehemu anakuja juu ya tuta linalotenganisha shamba lake na la shangazi. Kichwa chake kilikuwa bado na kipara cha msiba. Mkononi alikuwa na mundu, na kwa sekunde chache, nisiwafiche, nilifikiria vibaya, nikasogea karibu na shangazi. Mstaafu naye alisogea.

Alisimama pale kwenye tuta, hakushuka.

"Nimesikia ulinyolewa," alimwambia shangazi.

"Nimenyolewa."

"Mimi sikukutaja."

"Najua. Lakini hukukataa."

Mama yule aliinamisha kichwa. Alikuwa mwanamke mnene siku zote, na sasa gauni lilikuwa linamning'inia. Alipoongea tena ilibidi tuache kukata ili tumsikie.

"Nilitaka awepo mtu," alisema. "Waliponiambia ni wewe, nililala usingizi siku hiyo, mara ya kwanza. Maana alinilalamikia kichwa, dada. Nikamwambia jilaze, kitapoa. Mimi ndiye niliyemtandikia. Kama hayupo mtu aliyefanya, nabaki mimi."

Mstaafu alivua kofia. Mimi sikujua nitazame wapi. Shangazi alichoma mundu wake kwenye tope, akanyoosha mgongo.

"Mimi nilimkanda nikamwona macho yake hayakai sawa," alisema. "Nikamwambia nenda hospitali, akacheka, nikamwacha awashe pikipiki. Ningeweza kuchukua ule ufunguo. Nauota ule ufunguo kila siku." Akamgeukia. "Basi hubaki peke yako. Tunabaki wawili."

Mama wa marehemu alishuka kwenye tuta. Alilia akiwa amesimama katikati ya mpunga, kilio cha mdomo wazi, na shangazi akamshika, vichwa vyao viwili vyenye vipara vimegusana, na kwa muda ule ndege walikula walivyotaka na hakuna aliyewafukuza. Kisha shangazi akang'oa mundu wake kwenye tope.

"Anza upande wa mfereji," alimwambia. "Mimi naanza huku. Tutakutana."

Wakainama wote wawili. Mchana, walipoonekana kutoka barabarani wakikata mpunga pamoja, wanawake wa Lumemo walianza kuja, mmoja mmoja, na miundu yao.